Mkanda wa Harusi ya Mama Mdogo

Enzi zetu pale Temeke, harusi haikuwa imekwisha mpaka mkanda wake wa video uzunguke mtaa mzima. Waliocheza hadi viatu vikakatika waliusubiri, na waliokosa mwaliko waliusubiri zaidi, wakaione pilau waliyonyimwa. Mkanda ulitembea umefungwa kwenye kanga, nyumba hadi nyumba, ukaishia sebuleni kwa jirani mwenye deki. Watoto tulikaa mkekani, tunanukia mafuta ya nazi, tumeonywa tusiguse kitu. Sharti lilikuwa moja: ukimaliza kutazama, urudishe mwanzo. Aliyeupeleka mkanda umesimama katikati alisemwa bombani wiki nzima.

Wa mama mdogo Zuhura ulichakaa kuliko yote. Babu alikuwa amefariki karibuni tu, naye aliusia harusi isiahirishwe. Kwa hiyo siku hiyo bibi yetu alikuwa ndani ya eda, chumbani, haonekani na mwanamume wa kando. Mpiga video alikuwa mwanamume. Zuhura akasema hatoki nyumbani bila kuagwa na mama yake, na kuagwa huko lazima kuwemo mkandani. Basi mpiga video akamkabidhi kamera mama yangu, dada yake Zuhura, yeye akabaki nje ya chumba, nyuma ya pazia, anaelekeza kwa sauti.

"Ishike kwa mikono miwili, dada. Hapo pekundu usipaguse tena, utaizima."

Mama hakuwahi kushika kamera maishani. Alichukua dari, akachukua chandarua, akachukua miguu yenye hina, mara mkono wa bibi juu ya kichwa cha bibi harusi. Uso wa bibi ulipita haraka, kama umeme unaorudi na kukatika. Lakini sauti ilikaa yote.

"Hicho nacho kinasikia?" bibi aliuliza.

"Kinasikia, mama."

"Mbona kimenikodolea kama mwanamume?"

Hapo sebule nzima ilicheka, kila mara, kisha ikanyamaza kwa pamoja, maana tulijua kinachofuata.

"Zuhura mwanangu, nenda kwa salama. Ukichoka, mlango huu unaujua."

Bibi hakupenda picha. Baada ya kufa kwake, sauti yake haikubaki popote pengine.

Juzi Feisal, mtoto wa mama mdogo, kijana wa simu mbili, aliamua kumfurahisha mama yake. Akaupeleka mkanda Kinondoni, ukahamishiwa kwenye simu. Tukakaa sebuleni, shingo zimetupinda kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Picha zinang'aa, muziki mpya umepakwa juu. Gari la maua, keki, na kwisha.

"Na chumbani kwa bibi?" nikauliza.

"Ile ilikuwa inacheza tu, kaka, dari na miguu. Nikaikata, nikasafisha. Sasa iko poa, hata stetasi inaingia."

"Mkanda wenyewe uko wapi?"

"Si nilitupa. Unajaza kabati tu, na deki yenyewe nani anayo siku hizi?"

Nimeshaambiwa sana kwamba mikanda imepitwa na wakati, kwamba sasa kila kitu kinahifadhiwa hewani, na huko hakiozi. Sawa. Mkanda wetu ulishika ukungu, ulitafunwa na deki, tukauunga kwa selotepu, na bado bibi alikuwamo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtoa kwa kidole. Sisi tulivumilia mistari na chenga kwenye kioo ili tumsikie mtu. Hawa wadogo zetu wanakata kila kinachotikisika, halafu wanasema huko ndiko kuhifadhi. Nimekasirika, na wala sitaki kutulizwa.

Mama mdogo hakukasirika. Alimgusa mwanawe begani, akasema yale maneno tuliyokuwa tukipigiana kelele mkekani.

"Rudisha nyuma kidogo, baba."

Feisal akaburuta kidole. Gari la maua likaja tena.

"Nyuma zaidi."

"Ndiyo mwanzo huo, mama."