Kibandiko cha Jiwe la Mama

Makumbusho yetu ni chumba kimoja tu, kilichokuwa ghala la kahawa, kijijini kwetu huku vilimani juu ya mji wa Tarime. Mimi ndiye mlinzi, mfagiaji, mwongoza wageni na mgombana na watu. Nilipostaafu ualimu niliomba ghala hilo kwa serikali ya kijiji, nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba vitu vya zamani. Watu walinipa bila kusita: litungu la nyuzi nane, vibuyu vya maziwa, njuga, viatu vya mbao vya wachezaji, chungu cha pombe na mirija yake mirefu. Kila kimoja nikakiwekea kibandiko kwa mwandiko wangu wa ubaoni: kilitumika zamani.

Zamani gani, jamani! Kumbe hawakunipa, walikuwa wamepata pa kutunzia. Ikifika sherehe mtu anaingia, "Shikamoo mwalimu, nimefuata chungu changu," na kabla sijamalizia marahaba ameshafika mlangoni. Kikirudi, chumba kinanuka pombe wiki nzima. Mpiga litungu ndiye aliyezidi. Analichukua kila Jumamosi, nikimfokea ananijibu, "Likikaa kimya linaharibika, mura!" Mura ni kijana wa kiume. Mimi na mvi zangu, bibi mzima, naitwa mura.

Kitu kimoja tu sikukiazimisha kwa yeyote: jiwe la kusagia la mama yangu, pamoja na lile dogo la juu tunaloliita mtoto. Katikati limebonyea kwa miaka yake ya kusaga. Kaka zangu waliuza nyumba yetu mama alipofariki, kwa hiyo kile chumba ndipo mahali pekee alipobaki kwangu. Kila asubuhi nililipangusa jiwe lile, na ole wake aliyelisogelea.

Sasa mwenyekiti wa kijiji akakitaka chumba kiwe stoo ya mbolea. "Vitu vile nani anavihitaji siku hizi?" aliniuliza mkutanoni, mbele za watu. Nilinuna siku tatu. Mwishowe tukakubaliana afisa utamaduni wa wilaya aje Jumatatu akague. Akiona ni makumbusho kweli, nabaki. Akiona ni mchezo wa mstaafu, mbolea inaingia na jiwe la mama linatoka. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Afisa hakungoja Jumatatu. Alikuja Jumamosi, siku mwenyekiti huyohuyo alipokuwa anaoza binti yake. Na tangu asubuhi ukoo mzima wa mwenyekiti ulikuwa umepita kwangu kubeba. Chungu kimekwenda, mirija imekwenda, njuga, viatu, vibuyu. Wa mwisho kuja alikuwa dada yake, shangazi wa bi harusi. Kwao wazee hawagusi ugali wa harusi kama wimbi limesagwa mashineni, na jiwe lao lilikuwa limepasuka.

"Hilo haliondoki," nikamwambia. Akasonya, akaenda zake.

Hata vumbi la miguu yake halijatulia, kijana wa shati jeupe akasimama mlangoni. "Shikamoo mwalimu. Nilikuwa naelekea Sirari, nikaona tumalizane leo."

Nilitamani ardhi inimeze. Afisa akaanza kukagua rafu tupu, akisoma vibandiko kwa sauti. "Litungu. Lilipigwa zamani." Na litungu lenyewe linarindima ng'ambo ya barabara, na watu wanashangilia! "Viatu vya mbao. Vilichezewa zamani." Vishindo tunavisikia. Alijitahidi kukaza uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Akafika kwenye jiwe. "Na hili, mbona halijaenda harusini?"

"Mwenyewe alifariki."

Akainama akasoma kibandiko, akasema kwa upole, "Basi humu ndani hili ndilo pekee la zamani."

Hasira zikanipanda. Mama yangu, wa zamani? Nikafungua kinywa nimpe maneno yake, ndipo nikakumbuka kwamba aliyekiandika kile kibandiko ni mimi.

"Shika upande huo," nikamwambia.

Tulilivusha barabara wawili, yeye akihema, shati jeupe limeshakuwa la vumbi, mimi na mtoto wa jiwe kwapani. Shangazi alipotuona alisahau kusonya, akapiga kigelegele. Akapiga magoti, akamwaga wimbi, akaanza kusaga. Sauti ile! Nilifumba macho nikawa binti mdogo, mama yuko jikoni na mimi nimetumwa kuni. Nililia palepale, sikujificha.

Mwenyekiti alikuwa amekaa na wazee wenzake wamekizunguka chungu, mrija mdomoni. Nikajifuta machozi, nikamsogelea na afisa wangu nyuma.

"Samahani mwenyekiti. Vitu hivi nani anavihitaji siku hizi?"

Alipaliwa. Wazee walicheka hadi mmoja akaangusha mrija wake, na afisa naye safari hii hakujizuia. Mbolea iliwekwa chumba cha nyuma ya ofisi ya kijiji.

Jumatatu shangazi alilirudisha jiwe. Alikuwa amelisafisha, lakini ndani ya kile kibonyeo unga kidogo wa wimbi ulikuwa umebaki. Nilitoa kitambaa changu, nikakitazama, nikakirudisha mfukoni. Kisha nikabandua kile kibandiko, nikaandika kingine: Jiwe la kusagia. La mama. Linaazimwa.