Aliosha Madirisha ya Ziwa Miaka Saba, Sasa Ataka Kuliona

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Raho Mahad anapiga deki chini ya kitanda cha nne katika wodi ya wazee ya hospitali moja mtaani Edgbaston, Birmingham, Uingereza. Goti lake la kushoto limefungwa bandeji. Hapigi magoti tena. Anainama kwa kiuno, mkono mmoja umeshika chuma cha kitanda, na kila akiinuka anasema "Ya Rabi" kwa sauti ya chini.

"Vitanda ni ishirini na vinane," anasema bila kuinua uso. "Hiki ni cha nne. Usiniulize kama nimechoka, utanichosha zaidi."

Mwandishi huyu hakuuliza.

Raho ana miaka hamsini. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri yuko hapa. Baada ya hapo hupanda basi hadi Selly Oak, akasafishe ngazi na vyoo vya jumba la wanafunzi wa chuo kikuu mpaka saa moja unusu jioni. Kazi zote mbili humlipa pauni nane na nusu kwa saa. Kuna kodi ya nyumba, kuna nauli, kuna mama mzazi huko Isiolo, Kenya, anayetumiwa hela za dawa ya presha. Hayo ni ya kawaida. Nusu ya watu utakaokutana nao Stratford Road watakusimulia yayo hayo.

Kisicho cha kawaida kimo ndani ya kabati lake la chuma, katika chumba cha wafanyakazi. Ni daftari la shule lenye jalada la buluu, na ndani yake mna mpango wa safari ya siku tatu kuzunguka Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, chini ya milima ya Alps.

"Kutembea tu," anasisitiza. "Si harusi, si msiba, si kumwona mgonjwa. Andika hivyo. Kutembea tu."

Saa nne, wakati wa chai, analifungua daftari mezani na kusoma akifuata mistari kwa kidole. "Siku ya kwanza, ndege asubuhi, halafu treni mpaka mji wa Stresa. Kutembea kando ya maji, kuna miti na viti. Kulala. Siku ya pili, boti. Kisiwa cha kwanza kina jumba la wakubwa wa zamani na bustani yenye tausi weupe. Weupe pe pe pe! Kisha kisiwa cha wavuvi, kula samaki. Siku ya tatu boti tena, ng'ambo ya pili, bustani ya maua. Kahawa. Kurudi."

"Na ngazi je?" anauliza Raksha, mwenzake wa jikoni anayegawa chakula wodini. Raksha alizaliwa na kulelewa Kisumu, na wafanyakazi wote wanaojua Kiswahili humwita Mama Pritesh. "Hiyo bustani ya tausi nimeiona kwa simu. Ina ngazi mpaka mtu anaishiwa na dua. Goti lako umelishauri?"

"Nitapanda tano nikae. Tano nikae. Kwani nani ananifukuza?"

"Ukoo wako, Mama Nimo. Ndio watakaokufukuza."

Wanacheka wote wawili, ila Raho anaacha kucheka mapema.

Ziwa hilo si geni kwake. Alifika Italia mwaka 1997, na kuanzia 2001 hadi 2008 alikuwa mtandika vitanda katika hoteli ya ghorofa tano iliyo ukingoni kabisa mwa maji. Watu walitoka Ujerumani na Marekani wakalipa pesa nyingi ili waamke walione. Raho alikuwa na vyumba kumi na sita kwa siku, na kila chumba kina dirisha kubwa la kuelekea majini.

Hapo ndipo mtu anapouliza: sasa hukuliona vipi?

"Wewe hujawahi kuosha kioo kwa mshahara," anajibu, na hasira kidogo imo. "Ukiosha kioo macho yanatafuta alama za vidole. Hayapiti kwenda ng'ambo. Yakipita, alama inabaki, na supavaiza anaiona, na unarudishwa. Nilijizoeza nisione nje. Miaka saba! Naweza kukwambia kila dirisha lilikuwa na mkwaruzo wapi. Maji yalikuwa ya rangi gani siwezi."

Wafanyakazi waliingia kwa mlango wa nyuma, upande wa jikoni. Walilala kijijini juu mlimani, wanawake wanne chumba kimoja, wakiteremka kwa basi kabla hakujapambazuka. Na siku ya mapumziko? Siku ya mapumziko ilikuwa ya shangazi.

Shangazi huyo, Rukiya Elmi, dada wa baba yake, ndiye aliyempokea Italia. Anaishi Milano, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka ziwani. Kila wiki Raho alikwenda kwake kupika, kufua, kukaa na wageni. Hakuna aliyemlazimisha, anasema. Ndivyo ilivyo. Ukiwa na mtu wako mjini halafu siku yako ya bure ukaitumia kuangalia maji, watu watasema umeingiwa na jambo.

Mwaka 2011, akiwa tayari na pasipoti ya Italia, alihamia Birmingham na mumewe, dereva wa teksi, pamoja na binti yao Nimo. Goti lilianza kuuma miaka miwili baadaye.

Safari hii ya daftarini si ya kwanza kupangwa. Ya kwanza ilikuwa Machi 2017, na Raho anaisimulia kwa sauti ya mtu anayesimulia ajali.

Alikata tiketi, akalipia hoteli ndogo Stresa, siku mbili. Kisha akafanya kosa. Jumamosi moja mtaani kwake Sparkhill, akinywa chai na wanawake wenzake, alisema: "Jumanne nasafiri Italia."

"Basi," anasema. "Nilikwisha."

Kufikia Jumatatu jioni sebule yake ilikuwa na vifurushi kumi na vinne. Kwa watu wake, Wasomali, begi la msafiri ni la wote, na kumkatalia mtu kifurushi ni kumkana. Kulikuwa na dira, yaani magauni ya Kisomali, kulikuwa na uvumba, dawa ya mtoto wa mtu, viatu vya bwana harusi wa Torino. Mwanamke mmoja alimuuliza anakwenda kumwona nani, na Raho alipojibu kwamba anakwenda kuona ziwa, yule mama alimtazama kwa huruma na kumuuliza kama nyumbani kuna amani.

Shangazi Rukiya alikuwa tayari uwanja wa ndege. Alikuwa amepika tangu jana yake. Wali, mbuzi, sambusa za watu ishirini, na watu ishirini walikuwepo. Siku ya kwanza ikaliwa. Siku ya pili Raho alipanda treni kwenda Torino kupeleka viatu, na alipofika akaambiwa jirani amefiwa, haiwezekani apite bila kutoa pole. Siku ya tatu shangazi alikuwa na miadi na daktari, na nani mwingine ajuaye Kitaliano cha hospitali?

"Ziwa nililiona," anasema. "Kwenye friji ya shangazi. Kuna kile kisumaku cha picha. Nililiona nikifungua maziwa."

Hoteli haikurudisha pesa. Pauni mia moja na kumi na nane, kitanda hakikulaliwa.

Alirudi Ijumaa, Jumatatu saa moja alikuwa wodini. Raksha anakumbuka siku hiyo. "Nilimuuliza, haya, ziwa? Akakaa kwenye ndoo akalia. Mimi nikadhani amefiwa. Nikaenda kumletea chai ya sukari nyingi."

Mwaka huu wa 2019 una uzito wake. Januari ijayo Raho atapasuliwa goti, na daktari amemwambia wazi kwamba kupona kutachukua miezi, na kwamba ngazi nyingi asizitegemee sana baada ya hapo. Likizo yake imebaki siku tano. Kisha kuna huku kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, ambako kila mtu Sparkhill ana maelezo yake. Raho amekwishajaza fomu za kubaki, amekubaliwa, lakini bado anaogopa akitoka asije akasimamishwa mpakani na maswali.

"Nikikosa safari hii, basi imekwisha," anasema. "Mimi najijua. Nitakuwa mama wa mkongojo anayesema, aah, ningekwenda lakini."

Kwa hiyo safari hii hakumwambia mtu. Waliojua ni mumewe, Nimo, na Raksha, aliyeapa kwa miungu yake yote. Hata chai ya Jumamosi aliacha kwenda, asije akateleza ulimi.

Siri hiyo ilivuja Jumapili iliyopita, mwandishi huyu akiwa amekaa kwenye kochi lake.

Ilikuwa mchana, nyumba ikinukia hiliki. Simu ililia. Raho aliiweka mezani, sauti ikiwa wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Alikuwa Shangazi Rukiya, Milano. Wawili hawa huanza kwa Kisomali na kuishia kwa Kiswahili cha Isiolo, walikokulia wote, na salamu zilipokwisha shangazi alifika kwenye Kiswahili.

"Raho, nasikia unakuja."

Raho alimgeukia Nimo. Binti huyo wa miaka kumi anasikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza alijitetea kwa kunong'ona: alimtajia binamu yake wa Torino tu, na hakujua kwamba siku tatu za mapumziko zinaweza kuwa siri ya kufa mtu.

Raksha alikuwa amempa Raho uongo wa akiba mapema, kwamba aseme amepelekwa kozi na hospitali. Haukutumika. "Mimi nikidanganya nacheka," Raho alieleza baadaye.

Alifuta mikono. Akakaa.

"Nakuja Italia, shangazi. Ila sikuji kwako."

Simuni ilisikika sauti ya kijiko kikiwekwa kwenye sahani.

"Nimekukosea nini?"

"Wallahi hujanikosea kitu."

"Basi huko kuna nani? Umepata watu wengine?"

"Hakuna mtu, shangazi. Kuna ziwa."

"Ziwa!" Shangazi alishusha pumzi. "Raho mama, ziwa lina nini?"

Machozi ya Raho yalikuwa yamekwishafika kidevuni na hakuyafuta. "Sijui," alisema. "Miaka saba nilikuwa pale na sijui lina nini. Ndiyo maana naenda."

Nimo aliacha kuchezea simu yake.

"Siku zako za kupumzika ulikuwa unakuja kwangu," shangazi alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ukifika tu nakuachia jiko."

"Ndiyo, shangazi."

"Na hukuwahi kusema."

"Ningesemaje? Ulinipokea na mfuko mmoja wa nailoni. Ningekwambia leo siji, nakwenda kukaa kwenye kiti?"

Shangazi Rukiya ana miaka sabini na sita na kisukari, na sauti yake iliporudi ilikuwa ndogo, bila ile amri iliyokuwa nayo mwanzo.

"Nenda," alisema. "Lakini siku usiniambie. Nikiijua siku nitapika, nikipika nitakupigia, nikikupigia utakuja. Nakujua, na mimi najijua. Usiniambie kabisa."

Akakata simu, bila kwaheri.

Raho alibaki ameitazama ile simu. Alicheka kidogo, akalia kidogo, kisha akasema unga unakauka na akarudi kuukanda. Alisema hajui kama shangazi ameridhika au ameumia, na kwamba pengine ni vyote viwili, na kwamba hilo litamkaa moyoni mpaka arudi. Uchovu ulikuwa umemrudia usoni, ule wa wodini.

Alipokuwa akimsindikiza mwandishi huyu mlangoni alimshika mkono, unga na yote.

"Wewe umeiona siku kwenye daftari," alisema. "Usiiandike. Gazeti lenu linasomwa Milano."

Tarehe haitaandikwa. Itoshe kusema kwamba tiketi imekatwa, likizo imetiwa sahihi, na begi ni dogo kiasi kwamba halitaingia kitu cha mtu mwingine.

Na baada ya ziwa?

"Nikitua tu Birmingham nitampigia," anasema Raho. "Kabla sijavua viatu. Aliniuliza lina nini. Nimwambie."