Koti Lililohudhuria

Watu wa ukumbini walimwita Masikio, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa sauti katika bunge la muungano, ule ambao nchi yake ndogo ilijiunga nao kwa vifijo, kisha ikausahau kama mgeni aliyeachwa sebuleni peke yake. Alikaa nyuma ya kioo, hedifoni kichwani, akifungua maiki ya kila mjumbe aliyenyoosha mkono. Nyumbani alimwacha dada yake mkubwa, mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, ambaye jasho lake ndilo lililomsomesha ufundi huo.

Asubuhi ya suala la viwanda, alimwahi mjumbe wa nchi yake mlangoni.

"Mheshimiwa, leo wanaamua viwanda vidogo vya nyuzi vifungwe. Na chetu kimo."

"Fundi, wewe kaa na nyaya zako. Nyuzi niachie mimi." Mjumbe alivua koti, akakivika kiti chake, akalipigapiga bega kama anayemuaga mwenzake. "Natoka mara moja. Nitarudi hujakohoa."

"Na wakiuliza?"

"Koti si lipo? Unataka nini tena?"

Na kweli, ukumbini humo koti lilikuwa mtu. Kwa kanuni, kiti kitupu kiliahirisha uamuzi. Kiti chenye mwenyewe asiyepinga kilihesabiwa kimekubali. Wajumbe walizoea kusitiriana, na hakuna aliyechungulia ndani ya koti la mwenzake.

Masikio alikohoa. Akakohoa tena. Mjumbe hakurudi.

Angeweza kushuka akaliondoa lile koti. Alijua hivyo, na alijua pia kwamba fundi anayegusa kiti cha mheshimiwa hagusi tena mshahara. Akachagua njia ya mwoga: akafungua maiki ya kiti kile, taa nyekundu ikawaka, akatumaini mwenyekiti angetupa jicho.

Ndani ya hedifoni akasikia pumzi, nzito, kama ya mtu aliyepanda ngazi. Akainua macho. Mabega ya koti yalikuwa yakipanda na kushuka polepole, na juu ya ukosi palikuwa na giza tu. Nyuma ya pumzi ikaja ngurumo aliyoijua tangu utotoni, alipokuwa akimpelekea dada yake chakula kazini: mashine za nyuzi.

"Kuna anayepinga?" mwenyekiti akauliza.

Ngurumo ikakatika. Ukumbi kimya. Nyundo ikagonga meza.

Muungano haukumnyang'anya mtu kitu siku ile. Ulitoa kiti, ukatoa na maiki. Wenye kiti ndio waliopeleka nguo badala ya kichwa. Anayetuma koti kikaoni asishangae kurudishiwa baridi.

Likizo ilipofika, Masikio alimkuta dada yake kizingitini, mikono mapajani, haina kazi.

"Siku ile mashine zilisimama zenyewe," dada alisema. "Spika ya kiwandani ikauliza, kuna anayepinga? Sauti ya mtu mzima, yenye adabu zake. Tulijibu sote, mdogo wangu. Tulipiga kelele mpaka makoo yakakauka."

Masikio aliketi kizingitini kando yake.

"Nikawatuliza wenzangu. Nikawaambia, msihofu, kule yuko ndugu yangu." Akamgeukia taratibu. "Hukusikia hata kidogo? Si ndiyo kazi niliyokusomeshea?"