Kiondo cha Daktari wa Macho

Munyiva wa Masii ana ugonjwa mmoja usio na daktari: akitendewa wema, hatulii mpaka aurudishe. Ugonjwa wake wa pili, presha ya macho, una daktari, naye ni Dakta Kamene wa kliniki moja Machakos mjini. Bima ya afya humlipia Munyiva vipimo na dawa ya matone, mradi zahanati ya kwao imwandikie rufaa upya kila baada ya miezi michache. Matone yakikatika, giza lililokwisha kumeza jicho la kushoto litahamia la kulia. Hilo linamtisha kuliko kifo.

Mwaka ulipopita jicho la kulia likiwa zima, Munyiva aliona asante ya mdomo haitoshi. Akaamua kumsukia daktari kiondo, tena cha katani halisi, si cha nyuzi za dukani. Akasokota asubuhi na jioni, akivuta na kukaza, huku akiimba nyimbo za kanisani.

Siku ya kufuata rufaa, akaweka kidole kwenye mashine ya zahanati inayosoma alama za vidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, wapi! Muuguzi Bonface akamshika mkono, akautazama penye mwanga wa dirisha. Vidole vilikuwa laini kama mbegu za ukwaju.

“Mwaitu, mama yangu, hizi vidole umezifanyia nini?”

“Nasuka kiondo ya daktari wa macho.”

Bonface akacheka, lakini jambo halikuwa la kucheka, maana bila alama za vidole bima isingemtambua, na matone yalikuwa yamebaki machache tu kwenye kitako cha chupa. Akamwambia apake mafuta, apumzishe mikono, arudi wiki ijayo. Asiguse katani, jembe wala sufuria.

Kumkataza Munyiva kusokota ni kumkataza kuku kuchakura. Alilia, akijiona mjinga aliyejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo Wanza, jirani na mwenzake wa kikundi cha akina mama, akaja akakibeba kiondo kile bila kuomba ruhusa, akaenda kukimalizia. Wengine wakamchotea maji na kumwoshea vyombo, naye akakaa na mafuta mikononi kama bibi harusi. Aliona aibu, lakini aliwashukuru kila mmoja kwa jina.

Wiki iliyofuata, mashine ilikubali kidole gumba. Munyiva akamshukuru Mungu kwa sauti, foleni nzima ikageuka.

Huko Machakos, Dakta Kamene alimpima, akamwandikia matone, kisha akapokea mfuko uliofungwa na Wanza, akatoa kiondo humo kwa mikono miwili. Akamsifu kwa kazi safi. Lakini Munyiva hajui kupokea sifa ya mwenzake. Akainama kidogo, akakitazama.

“Hapo juu si mimi,” akasema. “Hiyo ni mkono ya Wanza. Yeye hukaza sana.”

“Umejuaje, na hata hujaishika?”

Munyiva akatazama mikono yake, ilikuwa bado mapajani. Machozi yakamjaa.

“Nimeiona, daktari,” akasema. “Naona.”