Jasho na Sabuni ya Magendo

Vijana wakiniambia, "Enzi zenu watu walikuwa na nidhamu," nasonya. Nidhamu gani? Sabuni ilikuwa imeadimika nchi nzima, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai!

Dada yangu alikuwa amejifungua, pale nyumbani Buhare, na nepi za mtoto zilikakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Makalio ya kichanga yalichubuka mpaka yakatoa damu. Mama akasema liwalo na liwe. Tukaenda mpakani, yeye na mimi, tukanunua miche ya sabuni ya Kenya. Wenye uzoefu wa magendo walikuwaga wanaizungushia nailoni kwanza. Sisi wakulima wa mihogo tungejuaje? Tulijifunga miche kwenye ngozi tupu, kiunoni na mgongoni, tukavaa magauni juu yake, tukapanda lori.

Kwenye kizuizi cha njia panda ya Butiama mgambo wakatushusha wote, wakatupanga juani na kuanza kupekua. Aliyekutwa na magendo alikuwa anaenda ndani, hakuna cha kujitetea. Mate yaliniisha mdomoni. Halafu jasho. Si la jua, jamani, lilikuwa la baridi, likatiririka mgongoni likakutana na sabuni. Nikahisi utelezi, kisha muwasho, na povu likaanza kupenya kwenye gauni.

Mama alikuwa nyuma yangu, akaliona. Yeye alikuwa mkavu, hata jasho hana. Siku ile mwili wake ulimtii, na nina hakika angepita.

"Afande!" akaita. "Mimi hapa ninazo. Njoo uzichukue, unawachelewesha watu na jua lote hili."

Akapandisha gauni mbele ya wanaume wale. Wote wakamkimbilia yeye, wakaacha kutupekua sisi. Mimi nikapanda lori pamoja na wengine, na povu langu.

Mtoto alifuliwa nepi. Mama alifungwa. Alirudi amekonda, na ule mwili haukumtii tena. Lori likifunga breki barabarani, anajikojolea, mtu mzima, mbele ya wakwe zake. Na walimcheka, mijitu ile! Mpaka leo roho inaniuma, na sina wa kumdai hata samahani.

Miaka ikapita, ikaja ruksa ya kuuza bidhaa za nje. Sabuni zilezile zikamwagwa chini sokoni Musoma, wauzaji wanazipigia kelele kama wanauza dagaa, na mgambo wanapita wanacheka nao. Nikamshika Mama mkono.

"Mama, chagua unayotaka. Siku hizi hakamatwi mtu."

"Najua, mwanangu. Wanasemaga hata redioni," akajibu kwa upole. Mkojo ulikuwa tayari unamtiririka mpaka kwenye kandambili. "Nirudishe nyumbani."