Moyo wa Mwanaamina Uko Kulia

Jua ndio kwanza linachomoza Chuno, mjini Mtwara, na Mwanaamina Fahadi (34) tayari yuko kwenye mashine yake ya mkono. Anaweka korosho, anakandamiza, ganda linapasuka. Halafu anageuza uso pembeni na kukohoa, kikohozi kizito cha kifua. Hakuna anayeshtuka.

Zamani walishtuka sana.

"Nimezaliwa nakohoa," anasema huku akipaka majivu vidoleni, maana mafuta ya maganda huunguza ngozi. "Mama aliniambia hata siku ya arubaini yangu nilikohoa, wageni wakabaki kutazamana."

Kikundi chao cha wanawake wabanguaji hula mchana kwenye sinia moja. Mwanaamina, kwa miaka mingi, alitengewa sahani yake ya bati ya bluu na kukaa mlangoni. Wenzake waliamini ana kifua kikuu. Dozi nzima ya ugonjwa huo aliimeza mara mbili, ingawa kila makohozi yalipopimwa mdudu hakuonekana.

"Kula peke yako na wenzio wanakuangalia, hilo ndilo lilinitoa machozi," anasema.

Picha za kifua alipigwa, tena si moja. Zote zilionyesha moyo kushoto, mahali pake. Ajabu ni kwamba moyo wake haujawahi kuwa huko.

Ukweli ulijulikana mwaka jana katika zahanati moja ya binafsi. Mpiga picha za eksirei, Gaudensi, aliona moyo umekaa kulia, akadhani ameishika picha kinyume, akaigeuza.

"Tumezoea hivyo. Moyo ukiwa kulia, unageuza picha unaendelea na mgonjwa mwingine," anasema, akicheka kwa aibu.

Ila Gaudensi ana kawaida ya kubandika alama ya madini ya risasi, inayoonekana kwenye picha, upande wa kushoto wa mgonjwa kabla ya kupiga, wakati wengine huiandika kwa kalamu picha ikishatoka. Alipoigeuza picha, alama nayo ikageuka; kumbe picha ilikuwa sawa tangu mwanzo. Akamwita daktari.

Dokta Theresia aliweka kipimo chake cha kusikilizia kushoto, akasikia kwa mbali sana. Alipokihamishia kulia, moyo ukadunda waziwazi.

"Nilisema Subhanallah," anakumbuka Mwanaamina. "Miaka yote hii naweka mkono kushoto nikishtuka, kumbe naupapasa upande usio wenyewe!"

Damu yake ilipelekwa maabara nje ya nchi, majibu yakarudi na jina la jeni yenye hitilafu: DNAH5.

Dokta Theresia anafafanua kwamba ndani ya seli zetu kuna protini zinazofanya kazi kama mota. Mojawapo huitwa daineini. Ndiyo inayochezesha vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyofagia makohozi kutoka kifuani. Jeni hiyo hutoa maelekezo ya kuunda kipande kimoja kikubwa cha mota hiyo. Kikiharibika, ufagio husimama na mtu hukohoa maisha yake yote. Kikohozi hicho hakimwambukizi mtu.

Na kuna kubwa zaidi. Mtoto akiwa bado mdogo mno tumboni, vinyweleo kama hivyo husukuma maji kuelekea kushoto, na mwili hujua hapo moyo ukae wapi. Visipocheza, moyo huangukia upande wowote. Mwandishi wa makala haya alisikiliza hayo akajishika kifua, kuhakikisha.

Jina lenyewe limepangwa kama majina yetu ya ukoo. DN ni daineini, A ni mota ya vinyweleo, H ni kipande kizito, na 5 ni nafasi yake kati ya ndugu zake. Hata panya anayo jeni hiyo. Kwa binadamu huandikwa kwa herufi kubwa zote, kwa panya kubwa ni ya kwanza tu.

"Alhamdulillah, tumemzidi panya kwa herufi," Mwanaamina anatania.

Dawa ya kumponya haipo. Kila asubuhi hufanya mazoezi ya kutoa makohozi, na kifua kikichafuka huenda zahanati mapema.

Daktari alifika mwenyewe kwenye kikundi kueleza. Alipomaliza, Bi Nuru, kiongozi wao, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa chakula siku zote, aliichukua sahani ya bluu, akamimina humo majivu ya kupaka mikono, kisha akasogea kwenye mkeka kumpisha Mwanaamina.

"Njoo hapa, mwanangu," alimwambia. "Wali unapoa."

Sahani hiyo mpaka leo ni ya majivu. Mwanaamina anachovya vidole humo na kusema anachokisubiri ni mfungo ujao.

"Futari ya kwanza waje wote kwangu. Nitapika mimi, kwa mikono yangu hii, na sinia litakuwa moja."