"Mimi Sivuti Kitu": Bi Tokie, Fundi wa Nyoka Walioshindwa Kujivua Gamba

Saa nne asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Bi Tokie Nishiwaki anachovya kiwiko kwenye beseni la maji kama mama anayejiandaa kumwogesha mtoto mchanga. Anatikisa kichwa, anaongeza maji ya moto kidogo, anachovya tena. Halafu anatia kipimajoto.

"Ishirini na tisa," anasema na kunitazama kwa maringo. "Kiwiko hiki hakijawahi kunidanganya. Kipimajoto ndicho kimewahi."

Tuko chumba cha nyuma cha duka la nyoka na mijusi, katika mtaa wa soko lililoezekwa paa huko Amagasaki, jirani na Osaka. Upande mmoja wa duka wanauza viazi vya kukaanga, upande wa pili wanauza kandambili. Nje watu wanahangaika na manunuzi ya mwaka mpya. Ndani, mbele ya Bi Tokie, iko foronya ya mto iliyofungwa fundo, na foronya hiyo inajongea.

Nikiri mapema: mwandishi wa makala haya kwao nyoka hupigwa kwanza, maswali baadaye. Miaka kumi na moja ya kuishi huku haijaniponya. Nimesimama karibu na mlango, na Bi Tokie ameshaliona hilo.

"Huyu ni wa kwenu Afrika," ananitania. "Msalimie basi. Au mnajuana ndiyo maana unakimbia?"

Anayetolewa kwenye foronya ni Kinako, chatu mdogo wa kike mwenye urefu wa mita moja na kitu, rangi ya unga wa soya uliokaangwa, na ndipo jina lake lilipotoka. Lakini leo rangi hiyo haionekani vizuri. Mwili mzima umefunikwa vipande vya ngozi kuukuu, vikavu, vilivyokatikakatika. Ncha ya mkia imebanwa na pete za ngozi hiyo. Macho yote mawili yana ukungu na mikunjo.

Mwenye nyoka ni Mzee Yasuhiko Todoroki, dereva wa treni mstaafu mwenye miaka sabini na mmoja. Amemleta Kinako kwa treni, ndani ya koti, na vifuko viwili vya kupasha joto. Kofia yake ameishika mkononi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Tangu mwezi wa kumi na moja hajala," anasema. "Namwekea panya mbele ya pua, anamkosa. Anauma hewa. Bi Tokie, huyu anapofuka."

Bi Tokie anainama. Anamnusa nyoka. Anamnusa tena.

"Mzee Todoroki. Mbona ananukia ndimu?"

Mzee anatazama kofia yake. Ukweli unatoka kidogo kidogo. Siku ile jua linapochukua likizo, siku fupi kuliko zote za mwaka, alijaza bafu lake maji ya moto na kuelesha matunda ya yuzu, ndimu za majira ya baridi, kama kila nyumba inavyofanya. Akaoga. Alipotoka akaona maji yamepoa kidogo, akamkumbuka Kinako na ngozi yake kavu. Akamtumbukiza.

"Si kila mwaka kwenye televisheni wanaonyesha wanyama wa bustani ya wanyama wanaoga na yuzu?" anajitetea. "Wale kapibara, panya wakubwa kama mbwa, wanafumba macho kwa raha. Nikasema na wangu naye aonje."

"Wale wana manyoya, Mzee! Huyu ana nini? Toba! Ulitaka kumtibu au kumpika mchuzi? Ilibaki tofu na vitunguu tu!"

Daigo, mwenye duka, kijana wa miaka thelathini na minne, anacheka mpaka anashika ukuta. Hata mzee mwenyewe anacheka, halafu anaacha ghafla na kujifuta pua. Mafuta ya ganda la yuzu, Bi Tokie anamweleza sasa kwa upole, yanaichoma ngozi ya nyoka, na maji ya bafu la binadamu ni moto mno kwake. Ila kosa kubwa lilianza kabla ya hapo. Ni kile kiyoyozi cha kupasha nyumba kinachonguruma usiku na mchana. Kinakausha hewa, na nyoka kwenye hewa kavu hawezi kuvua gamba lake likatoka zima kama soksi. Linagandia mwilini.

"Kila baridi ni hivyohivyo," anasema. "Watu wanawapenda, wanawawashia joto, wanasahau maji. Upendo mkavu huo."

Bi Tokie ana miaka hamsini na minane, na hakuanza na nyoka. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mfuaji wa kimono huko Kyoto. Kazi ile si ya ndoo na sabuni. Kimono hufumuliwa mshono kwa mshono, vipande vinaungwa kuwa kitambaa kimoja kirefu, kinafuliwa, kinatiwa wanga, kinanyooshwa kwa vijiti vya mianzi. Hariri ikilowa inashikana na kila kitu.

"Ukiivuta, imechanika. Kimono cha bibi wa mtu, cha miaka themanini, umekiua kwa sekunde moja," anasema. "Unalowesha, unasubiri, inaachia yenyewe. Vidole vyangu vilijifunza hapo."

Kiwanda cha kufulia kimono kilipofungwa miaka sita iliyopita alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakuna aliyemtaka. Alipita mbele ya duka hili akaona tangazo la kutafuta mfanya usafi. Daigo anakumbuka alivyoingia. "Nikamuuliza, Mama, huogopi nyoka? Akaniambia, mimi nimefanya kazi chini ya mama mkwe wangu miaka ishirini, nyoka ni nini?"

Aliajiriwa kufagia, lakini haukupita muda vidole vile vikahamia kwenye nyoka. Leo analipwa yen 1,150 kwa saa, si pesa ya kujengea ghorofa. Lakini msimu wa baridi uliopita nyoka sitini na watatu walipita mikononi mwake, wengine kutoka Nagoya. Anaitaja idadi hiyo bila kuulizwa, na akiitaja ananyanyua kidevu.

Kinako amekaa kwenye maji dakika thelathini. Sasa Bi Tokie anafunga taulo lililolowa mkononi, anamwacha nyoka apenye katikati ya ngumi yake. Hasukumi wala hakokoti. Nyoka mwenyewe anasonga mbele, na taulo linabaki na ngozi. Anapita mara ya pili, mara ya tatu. Ukanda wa kahawia unaanza kung'aa mgongoni, na Mzee Todoroki anasogea karibu bila kujijua.

Mkia unachukua saa nzima. Pete zile za ngozi zikiachwa, damu haifiki, ncha inaoza na kukatika. Anazilainisha moja moja kwa pamba ya kusafishia masikio. Ya mwisho inapochomoka anaiweka kwenye kiganja cha mzee.

"Mkia umepona. Pumua, utazimia bure."

Yanabaki macho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kilicho wazi kama kioo cha saa, na kigamba hicho nacho huvuliwa pamoja na ngozi. Cha zamani kisipotoka, kipya kinaota chini yake, na nyoka anabaki anatazama dunia kupitia dirisha chafu. Bi Tokie anaweka pamba yenye maji ya uvuguvugu juu ya jicho la kushoto, anasubiri, anazungusha kidole pembeni mwa jicho taratibu. Kigamba kinanyanyuka ukingo, kinateleza, kinatoka. Chini yake jicho ni jeusi na safi kabisa.

"Ametuona!" mzee anapaza sauti. "Ametuona!"

La kulia linakataa. Anarudia pamba. Dakika ishirini, halafu ishirini nyingine. Anachukua kioo cha kukuzia na kuangalia muda mrefu.

"Hapa si kimoja. Ni viwili vya zamani vimegandana, na chini yake kuna cha tatu, kile hai, ambacho ndicho jicho lenyewe. Leo basi."

"Basi vipi?" Mzee Todoroki anageuka mwekundu. "Bi Tokie, nimekuja na treni mbili. Vuta tu kidogo. Chukua ile koleo ndogo."

Daigo naye anaingilia. "Bi Tokie, kwa vidole vyako vile, kwani nini? Ukingo si umeshaanza kunyanyuka? Vuta."

"Mimi sivuti kitu."

"Akipofuka je?" mzee anauliza. "Marehemu mke wangu ndiye aliyemnunua. Mimi ndiye niliyemharibu. Nitamwambia nini pale kwenye picha yake kila asubuhi?"

Bi Tokie anamrudisha Kinako kwenye foronya, anafunga fundo, ndipo anapomjibu. Mwaka wake wa kwanza hapa dukani, anasema, aliletewa nyoka kama huyu. Mwenye nyoka alikuwa na haraka, yeye Bi Tokie naye alikuwa na kiburi. Alichukua koleo, akavuta, kigamba kikatoka. Akashangilia. Kumbe alichokitoa kilikuwa cha chini, kile hai. Jicho likakauka ndani ya wiki moja.

"Yule nyoka ninaye nyumbani mpaka leo. Kila nikimlisha ananigeuzia upande anaoona. Nakwambia, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ndiye niliyemuuma nyoka. Kwa hiyo unaweza kunikasirikia, Mzee, unaweza kumpeleka kwa mwingine. Lakini mkono huu hautavuta."

Nilitegemea mzee achukue foronya yake na kuondoka. Alivaa kofia, akaivua, akauliza afanye nini.

Maelezo aliyopewa yalikuwa mafupi. Sanduku la plastiki lenye tundu, ndani yake kuvumwani iliyoloweshwa, mimea laini inayoshika maji kama sifongo, liwekwe upande wa joto wa kizimba. Unyevu upimwe asubuhi na jioni. Macho yakianza kugeuka ya bluu kama maziwa yaliyochujwa, dalili kwamba anakaribia kujivua tena na vigamba vile vitatoka pamoja na gamba, asimguse nyoka mpaka amalize. Akiona usaha au uvimbe, asipige simu dukani, akimbie kwa daktari wa wanyama. Na yuzu aoge mwenyewe.

Mzee alipoondoka, Daigo alitaja jambo ambalo Bi Tokie hakutaka niandike, halafu akakubali. Walikuwa wamepanga kuanzia mwezi wa nne afundishe darasa la kusaidia nyoka kujivua gamba kila Jumapili, hapahapa nyuma ya duka. Watu kumi na wawili walikuwa wameshauliza. Bi Tokie ndiye aliyesimamisha.

"Nitasimama mbele za watu niwaambie subirini, subirini, halafu Kinako apofuke kwa sababu nilisubiri?" alisema huku akikamua taulo. "Hapana. Tumwone kwanza yule. Jicho likifa, mimi narudi kwenye ufagio wangu na sitamfundisha mtu."

Nilipomuuliza kama ana uhakika, aliniangalia kwa macho makavu. "Vidole vina uhakika. Mimi mwenyewe usiku silali vizuri."

Januari ikapita. Mzee Todoroki alikuwa akipiga simu karibu kila siku kusoma vipimo vya unyevu, asilimia sitini na tano, asilimia sabini, kama bado anatangaza vituo vya treni. Bi Tokie alikuwa akimjibu "haya" na kukata. Mara moja alipiga kusema Kinako amemkosa panya tena. Siku ile, Daigo ananieleza, Bi Tokie alifagia duka mara tatu.

Nilirudi dukani katikati ya Februari, Jumanne ya mvua. Nilikuwa sijavua hata viatu vya mvua simu ilipolia. Daigo aliipokea, akabonyeza kitufe ili wote tusikie.

"Ametoa!" Ni Mzee Todoroki, anahema. "Lote! Zima! Limetoka kama soksi, kuanzia mdomo mpaka mkia!"

"Kinako yuko wapi?"

"Ndani ya sanduku lake."

"Muache huko. Shika gamba, nenda dirishani penye mwanga. Angalia upande wa kichwa. Hesabu macho."

Tukasikia viatu vya ndani vikiburuzwa sakafuni, pazia likivutwa. Bi Tokie alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

"La kushoto lipo," mzee akasema. "Dogo, jembamba, linaangaza."

"La kulia?"

Mvua inapiga paa la soko.

"Mzee! La kulia!"

"Subiri, miwani... Lipo. Lipo, Bi Tokie! Ila hili ni nene. Yamekaa matatu, moja juu ya jingine, yameshikana."

Bi Tokie alifumba macho. "Viwili vya zamani, na kile cha tatu kimevibeba kilipovuliwa kwa wakati wake. Sasa mfungulie sanduku. Kaa upande wake wa kulia. Usiongee, usimguse. Sogeza kidole chako polepole, mbali kidogo na uso wake."

Tukasikia kifuniko kikifunguliwa. Kisha mzee yule, aliyeendesha treni miaka arobaini bila kuchelewa hata dakika moja, akaanza kulia kwa sauti kwenye simu.

"Amegeuka," alisema. "Anakifuata kidole. Ananitazama."

Bi Tokie alikaa chini juu ya gunia la magome ya miti, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakamtikisika. Machozi au kicheko, sikujua, na nadhani vilikuwa vyote. Alipoishusha aproni alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Bosi," akamwambia Daigo, "nani alisema nivute?"

"Ni mimi, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa toa kalamu uandike lile tangazo la darasa la Jumapili. Na jina langu uliandike kubwa, lisomeke mpaka kwa yule wa kandambili."